Kipande cha Mama Nyuki

Siku ya kwanza ya semina Mama Nyuki alikaa kwenye kiti cha plastiki kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, na katika muda wote huo hakusikia jambo hata moja ambalo hakulijua kabla hajaolewa. Mtoa mada, bwana mmoja wa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama, aliwaeleza viongozi thelathini wa vikundi vya wanawake wa mlimani kwamba moto ni hatari kwa msitu. Akawaeleza tena baada ya chai, safari hii kwa michoro.

Nyuma yake lilitundikwa bango kubwa lenye maandishi ya kijani: Mwanamke wa Mlimani, Nguvu ya Uhifadhi. Mwanamke mwenyewe wa kwenye bango alikuwa Mama Nyuki, jembe begani, meno nje. Watu walidhani anacheka. Yeye alikumbuka vizuri kwamba siku ile jua lilikuwa linampiga machoni na mpiga picha alikuwa anamchelewesha kazi.

Na sasa walikuwa wanamchelewesha tena. Wiki ile haikuwa wiki ya kukaa.

Huko kwao, kati ya nyasi za malisho chini na msitu juu, ulipita mkanda wa kuzuia moto, uwazi wa hatua kumi upana uliolimwa mpaka udongo ukabaki mtupu, kutoka korongoni hadi kwenye majabali. Hakuna ofisi iliyouchora. Wanawake wa kikundi chake waliukata wenyewe miaka saba nyuma, baada ya moto kula mizinga yao ya kwanza ya nyuki. Kila mwaka mvua ikipita nyasi hurudi, na kila mwaka mkanda hulimwa upya. Siku ya kulima haichaguliwi na kalenda. Ukiwahi, nyasi zikiwa bado mbichi, zinachipua nyuma yako kama hukufanya kitu. Ukichelewa, unakuja upepo wa kutoka bondeni, na upepo ule hauulizi cheche imetoka kwa nani. Katikati hapo pana siku kumi hivi. Ndani ya siku hizo kumi kila mwanamke hulima kipande chake, hatua sitini, na juu ya kipande chake, pembezoni mwa msitu, ndipo inapokaa mizinga yake.

Na kazi ile ina sheria moja: kipande cha mtu hakiguswi. Mama Nyuki ndiye aliyeiweka. Mwaka wa kwanza walisaidiana, wakagundua wapo waliosaidiwa tu na hawakusaidia, wakagombana mpaka kikundi kikataka kuvunjika. Akasimama akasema kila mtu na chake. Ukiumwa, uombe mwenyewe kwa kinywa chako. Asiyeombwa akitia jembe kwenye kipande cha mwenzake, amewatangazia watu kwamba mwenye kipande ni mvivu au amekufa. Ilikuwa sheria nzuri, na ilifanya kazi, ila tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuomba. Nani awe wa kwanza?

Mwaka jana tu ndipo ilipovunjwa. Mama Nyuki alikuwa msibani siku mbili, kipande chake kikabaki nyuma. Jirani yake wa kulia, Mke wa Fundi, ambaye fundi wake alikwisha kufa miaka tisa lakini jina halikumtoka, alimaliza mapema akaona amsogezee mwenzake kidogo. Alikuwa amefika hatua ya ishirini Mama Nyuki alipotokea.

"Nani kakwambia nimekufa?" alifoka mbele ya wanawake wote. "Kama umekosa kazi, nenda kalime kaburi la mumeo!"

Mke wa Fundi aliliweka jembe begani akaondoka. Tangu hapo ilikuwa ni salamu na salamu kuitikiwa, basi. Mama Nyuki alijua amekosea, alijua tangu neno lenyewe lilipokuwa bado mdomoni, lakini alikuwa mtu wa kujenga mizinga, si wa kuomba radhi. Aliacha siku zipite, akidhani siku zitamfanyia kazi hiyo.

Mwaka huu alikiacha kipande chake mpaka mwisho kwa sababu alizunguka kukagua vya wengine. Wote walimaliza. Alikuwa ananoa jembe barua ya semina ilipofika: siku tatu mjini, viongozi wote, bila kukosa.

Wakati wa chai alimfuata Mratibu wa mradi wa uhifadhi ulioandaa semina. Huyu alikuwa mtu wa tabasamu pana, na kila aliponuia kukunyima kitu alikuita mama yangu.

"Bwana Mratibu, naomba ruhusa," alisema Mama Nyuki. "Nina kipande hakijalimwa. Nikiondoka sasa hivi, kesho mchana nimekimaliza, keshokutwa asubuhi niko hapa."

"Mama yangu, keshokutwa ndiyo siku ya wageni wanaofadhili mradi. Wanakuja kukuona wewe. Nikiwaambia mama wa kwenye bango hayupo, uso wangu nitauweka wapi?"

"Waambie yuko kazini. Wakitaka, waje wanione kazini."

Mratibu alicheka kwa raha, kama aliyesimuliwa kichekesho. "Ratiba imeshapangwa. Halafu, sikutishi, lakini fomu ya mahudhurio ndiyo inayoambatana na barua ya kibali. Sahihi zisipotimia siku tatu, kibali cha kikundi chako cha kuingia msituni hakipiti. Mnavuna asali lini?"

"Wiki tatu zijazo."

"Basi unaona mwenyewe, mama yangu."

Aliona. Tangu msitu uwekwe chini ya hifadhi, wanawake walioulinda miaka saba kwa jembe na matawi mabichi hawakuruhusiwa kutia mguu humo bila karatasi. Mwenye nyumba anaomba ufunguo kwa mgeni, na mgeni anamwambia aje semina kwanza. Mama Nyuki alimeza chai yake na hasira yake kwa pamoja, akarudi kwenye kiti.

Siku ya pili mada ilikuwa kujiamini. Waliambiwa wasimame, wanyooshe mikono juu, waseme mara tatu: Mimi ninaweza! Mwanamke aliyekaa karibu naye, mfuma vikapu kutoka mlima wa pili, alimnong'oneza, "Dada, hivi mimi niliyezaa watoto saba na kumzika baba yao, kumbe nilikuwa siwezi?" Wakacheka kidogo. Mama Nyuki alisema ninaweza mara tatu, kwa meno yaliyobana.

Mchana alimpigia mkamwana wake. Kule mlimani simu hushika kwenye jiwe moja tu, juu ya shule, na mke wa mwanawe alikuwa amepanda hapo kama walivyoagana.

"Mama, upepo umeanza kuchezacheza," alisema. "Si ule wenyewe bado, lakini unanukia. Kipande chako kimesimama na nyasi mpaka kiunoni. Cha kwako tu."

"Najua."

"Mke wa Fundi kaniomba nikuulize. Anasema mimi na yeye tukiingia kesho alfajiri, saa tano tumemaliza. Ila hataki kugusa bila neno lako. Sema neno tu, mama."

Lilikuwa neno moja. Limeni. Mama Nyuki alilisikia kabisa ulimini. Lakini nyuma ya neno hilo alimwona Mke wa Fundi ameinama katika nyasi zake, na wanawake wote wanapita, na kila mmoja anakumbuka habari ya kaburi. Laiti angekuwa ameomba radhi mapema. Kuomba radhi na kuomba msaada kwa siku moja, tena kwa simu, kulimshinda.

"Kipande changu nitakilima mwenyewe," alisema. "Keshokutwa alfajiri niko hapo. Asiguse mtu."

"Mama, upepo hausubiri..."

"Nimesema asiguse mtu! Mimi sijafa."

"Haya, mama," alisema mkamwana, akakata.

Siku ya tatu wageni walikuja sita. Walikalishwa mbele kwenye viti vya mito. Mama Nyuki aliitwa kwenye kipaza sauti kutoa ushuhuda, na Mratibu akamtia mkononi karatasi iliyokwisha kuandikwa. Ilianza hivi: Kabla ya mradi nilikuwa mwanamke nisiyejitambua. Aliisoma kimoyomoyo mara mbili ahakikishe macho yake hayamdanganyi. Alikuwa bado anaitazama simu ilipolia kifuani, akaitoa hapo hapo mbele ya wageni, Mratibu akimkonyeza aizime.

Mkamwana alikuwa analia na kukohoa. Moto ulianzia malishoni, alisema, kwa mchoma mkaa. Ulipanda na upepo. Umefika kwenye mkanda ukasimama, mkanda wote umeuzuia, korongoni umeuzuia, majabalini umeuzuia. "Umepita kwako, mama. Umepita kwako tu."

Mama Nyuki alisimama na simu mkono mmoja na kipaza sauti mkono mwingine. Ukumbi ulikuwa unamngoja.

"Mnataka ushuhuda?" alisema. "Huu hapa. Sasa hivi msitu unaungua. Moto umepitia kwenye hatua sitini ambazo ni zangu mimi, hazikulimwa, kwa sababu nimekaa hapa siku tatu nafundishwa jinsi ya kuzuia moto. Nilimwomba huyu bwana ruhusa. Akaniambia mnakuja kuniangalia. Haya niangalieni! Niangalieni vizuri, maana bango lenyewe mnalo, mimi wa nini? Mizinga yetu hamkuijenga ninyi. Mkanda hamkuukata ninyi. Tulikuwa tunajitambua kabla yenu. Au mnaniona sijui kusoma mlichoniandikia hapa?"

Alitupa karatasi chini. Mratibu aliinama kwa mgeni aliyekuwa jirani yake akasema kwa sauti ya chini lakini iliyosikika, "Mama ana hisia sana." Na hapo, Mungu awasamehe, watu wakapiga makofi. Kwa siku tatu walikuwa wamezoezwa kupiga makofi kila mtu anapomaliza kusema, na mikono ikafanya ilichofundishwa. Mfuma vikapu peke yake hakupiga. Aliokota mkoba wa Mama Nyuki akamkimbizia mlangoni.

"Mama yangu, sahihi ya jioni!" Mratibu aliita nyuma yao. "Fomu hujasaini!"

Alifika mlimani kwa pikipiki alasiri, vumbi na jasho vimemganda. Kutoka chini aliona kila kitu, hakuhitaji kuelezwa. Mkanda ulikuwa umelala mwekundu na safi kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyasi za chini yake zimeteketea zote. Mahali pamoja tu weusi ulikuwa umevuka. Ulianza na upana wa hatua sitini, halafu kadiri ulivyopanda ukatanuka, ukachukua huku na huku, ukapotelea ndani ya miti.

Wanawake walikuwa wameupiga moto kwa matawi mabichi mpaka ukageuka kwenye kijito. Walikaa chini, nyuso nyeusi, midomo imepasuka. Hewa ilinuka asali iliyoungua. Katika mizinga sitini na minne ya kikundi ilibaki ishirini na minne. Nta iliyeyuka ikatiririka majivuni, na nyuki walilala chungu chungu kwenye midomo ya mizinga. Mizinga kumi na mmoja ya Mke wa Fundi, iliyokuwa jirani kabisa na kipande cha Mama Nyuki, haikubaki hata mmoja. Mwanamke yule hakuwa na shamba wala ng'ombe. Mizinga ile ndiyo iliyokuwa shamba lake na ng'ombe wake.

Hakuna aliyemsalimu. Mama Nyuki akaanza kusema. Alisema ya Mratibu, ya fomu, ya kibali, ya wageni na viti vyao vya mito, na yote aliyosema yalikuwa kweli tupu. Alisema kwa sauti ya juu. Wenzake walimsikiliza bila kuitikia, na kadiri walivyonyamaza ndivyo alivyozidi kupandisha sauti, kwa kuwa alijua wananyamazia nini.

"Maliza," alisema Mke wa Fundi. Alikuwa amekaa kwenye gogo, mguu mmoja ulioungua umefungwa kitambaa. "Ukimaliza ya Mratibu, useme na ya kwako."

"Mwenzangu..."

"Usiniite mwenzako. Juzi nilipita hapo na jembe. Jana nikapita. Nikasimama pale mwanzo wa kipande chako, jembe nimelishika mkononi. Asubuhi moja tu ilinitosha. Nikasema, huyu alinituma kaburini kwa mume wangu mbele za watu, leo nikigusa nyasi zake atanituma wapi? Nikamwendea mkamwana wako kama mtoto anayeomba maji, nikamwambia niulizie. Akakuuliza. Ukamjibu nini?"

Mkamwana aliinamisha kichwa. Upepo ulipuliza jivu juu ya miguu yao.

"Sema," alisema Mke wa Fundi. "Wakusikie."

"Nilisema asiguse mtu."

"Haya. Mratibu alikufunga wewe kwenye kiti. Jembe langu hakulifunga yeye."

Ni kweli, na Mama Nyuki alitamani ardhi impasukie. Alikuwa na hasira tele siku tatu nzima, na hasira ile ilikuwa imemsaidia kusimama. Sasa ilimgeukia mwenyewe. Alipiga magoti kwenye majivu. "Nisamehe. Kwa hili na kwa lile la mwaka jana. Nilipaswa kuja kwako siku ile ile."

"Nyuki hawakai ndani ya samahani," alisema Mke wa Fundi. "Iweke. Siku nitakapoitaka nitakwambia." Alinyanyuka kwa shida, akaonyesha juu, palipokuwa pakifuka moshi. "Visiki bado vina moto ndani. Kesho upepo ukija na nguvu utabeba cheche kwenye hiyo ishirini na minne iliyobaki. Lazima mkanda mwingine ukatwe asubuhi, kati ya palipoungua na palipopona, na kila mtu atakuwa na kipande chake. Cha kwako nitakilima mimi."

"Sikubali. Mguu wako huo..."

"Sikukuuliza. Wewe utakaa. Pale juu ya jiwe, mbele ya wote, uniangalie toka mwanzo mpaka mwisho. Jembe huligusi."

Mama Nyuki aliwatazama wenzake, akitafuta jicho hata moja la kumtetea. Halikuwepo. Tangu utoto wake hajawahi kukaa akamwangalia mtu analima bila yeye kuinama naye. Kofi lingekuwa nafuu. Aliitikia kwa kichwa.

Asubuhi alikaa. Wanawake walijipanga wakaanza, na Mke wa Fundi akaanza akichechemea, anapiga jembe, anavuta mguu, anapiga jembe. Mizizi ilikuwa migumu. Kila jembe lilipokwama Mama Nyuki aliinuka nusu, na kila alipoinuka Mke wa Fundi alimtazama mpaka akakaa.

Kwenye saa tatu gari la mradi lilipanda na kusimama chini ya mkanda. Mratibu alishuka na wageni wawili na kamera, akaja akikanyaga majivu kwa uangalifu asichafue viatu.

"Pole sana, mama yangu. Tumekuja kuona athari. Hebu shika jembe kidogo, simama na wenzako, tupate picha."

"Nimekatazwa."

"Na nani?"

"Na mwenye kazi."

Mratibu alitafuta kwa macho huyo mwenye kazi, akaona wanawake kumi na tisa wameinama na hakuna aliyeinua kichwa. Akashusha sauti. "Halafu ile sahihi ya jana haipo. Kibali itabidi tuone tutafanyaje."

"Kibali cha kuvuna nini?" Mama Nyuki alionyesha majivu kwa kidevu, maana mikono alikuwa ameikalia. "Hii? Kaa chini, Bwana Mratibu. Nimekaa kwa ajili yako siku tatu. Nawe ukae kwa ajili yangu asubuhi hii moja, hapa kwenye jiwe, umwangalie huyu mama. Usiseme kitu. Umwangalie tu."

Kwa kitambo kidogo ilionekana kama atakaa. Alilitazama jiwe, akatazama suruali yake, akatazama saa. "Ningependa, mama yangu, lakini leo tunafungua semina nyingine bonde la pili. Wanawake wameshakusanyika, wananisubiri."

Aliondoka na wageni wake. Gari liligeuka, likaanza kuteremka kuelekea bonde la pili, ambako nako nyasi zilikuwa zimekauka na upepo ulikuwa njiani. Hapo ndipo Mama Nyuki alipoinuka wima juu ya jiwe, akapiga kelele ambayo haijawahi kumtoka maisha yake yote.

"Waache walime! Unasikia wewe? Waache wanawake wa watu walime!"

Vioo vya gari vilikuwa vimepandishwa. Sauti ilikwenda ikafia kwenye nyasi zilizoungua. Mke wa Fundi hakusimamisha jembe wala hakugeuka.

"Kaa," alisema. "Sijamaliza."

Mama Nyuki akakaa, akairudisha mikono chini ya mapaja, akaendelea kumwangalia. Zilikuwa zimebaki hatua arobaini na moja.